Sauti ya Saa Saba

Mwanamke aliyeketi juu ya barafu alikuwa amevaa nguo zake za kanisani.

Alikuwa kwenye kiti cha jikoni, mita mia mbili kutoka ufukoni, akilitazama ziwa. Magoti yamekutana, mikono imetulia mapajani, kitambaa cha sufu kimefungwa vizuri kichwani. Mbele yake palikuwa na kiti cha pili, kitupu. Katikati palikuwa na kisanduku kilichotandikwa kitambaa cheupe, na juu yake vikombe viwili na chupa mbili za chai. Kope zake zilikuwa zimeganda. Kwa mbali ungedhani analia chembe za chumvi.

Inspekta Delphine Nadon alimzunguka taratibu, barafu ikiguna chini ya viatu vyake. Kisha akamgeukia mvuvi aliyepiga simu polisi.

"Umegusa chochote, Bwana Lachance?"

"Niguse nini? Nilikuja kutoboa barafu nivue samaki. Nikamwona, nikamsalimia. Nikamsalimia tena. Mara ya tatu ndipo mwili ukanisisimka."

"Unamfahamu?"

"Port Hallam nzima inamfahamu. Ni Irja Salmela. Nyumba yake ile pale, yenye mlango wa kijani."

Nadon alitazama. Kutoka mlango wa kijani mstari mmoja wa nyayo ulishuka hadi ziwani, na kando yake alama za ubao wa kuburuzia mizigo. Nyayo za mtu mmoja, za kuja tu. Hakuna aliyemsukuma. Hakuna aliyemfuata.

Daktari wa polisi alinyanyuka, akipangusa vumbi la theluji magotini. "Hana jeraha. Moyo ulikuwa dhaifu, na baridi ikamaliza kazi. Alikaa hapa tangu kama saa mbili asubuhi. Hii ni baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, Inspekta. Hata mimi nikikaa kwa muda wa saa mbili tu, mtanizika."

"Kwa hiyo si mauaji," alisema Sajini Moses Kakegamic.

Nadon alikitazama kile kiti kitupu. "Alikuwa akimngoja mtu, Moses."

Hapo ndipo simu ilipolia.

Ililia kifuani mwa marehemu, ndani ya koti, mlio wa chini uliofifishwa na sufu. Lachance alirudi nyuma hatua mbili. Nadon alivaa glavu, akafungua kifungo kimoja, akaitoa. Ilikuwa saa saba kamili mchana. Kwenye kioo palikuwa na jina moja: Reijo.

"Reijo ni nani?"

Moses alilitazama lile jina. Alizaliwa ng'ambo ya ghuba ile na kuyajua mambo yake. "Mwanawe, Afande. Boti lake lilizama hapa hapa, miaka tisa iliyopita. Mwili haukuonekana mpaka leo."

Nadon aliipokea simu, akaiweka sikioni bila kusema neno.

"Äiti? Ni mimi." Hivyo ndivyo Wafini wa mji ule wanavyomwita mama. Sauti ilikuwa ya kijana, nzito kidogo, yenye tabasamu ndani yake. "Umekula?"

Nadon aliibana simu sikioni.

"Mbona kimya? Nasikia upepo. Uko nje? Vaa vizuri, Äiti. Baridi ya leo si ya mchezo."

"Wewe ni nani?" aliuliza Nadon.

Kimya kifupi, kama mtu anayemeza mate. "Sauti yako imekauka. Una mafua? Chemsha maji unywe."

"Mimi ni Inspekta Nadon wa polisi. Mwenye simu hii amefariki."

"Pole," ilisema sauti kwa upole mwingi. "Pole sana. Ungependa kunisimulia habari zake?"

Nadon alikuwa askari kwa miaka ishirini na sita. Alishasikia vilio, matusi, vitisho na sala. Lakini pale juu ya barafu, kinywa chake kilifunguka chenyewe. Alikuwa karibu kujibu. Mtu alikuwa amemuuliza kwa upole, na ilikuwa siku nyingi hajaulizwa kitu kwa upole. Alikata simu haraka, kama mtu anayeondoa mkono kwenye jiko.

"Mtambo," alisema. "Mtambo unaoiga sauti."

Moses alijikuna shingo. "Mtambo wenye adabu kuliko mashemeji zangu wote."

Hakuna aliyecheka.

*

Jikoni kwa Irja Salmela kulikuwa safi, kumepangwa, kama kwa mtu aliyejua kwamba wageni wangeingia. Viti vilivyobaki vilisukumwa chini ya meza. Birika lilikuwa limeoshwa na kufunikwa kichwa chini.

Moses aliketi akasoma ujumbe katika simu ya marehemu. Nadon alisimama katikati ya chumba, ameganda kwa jambo jingine. Alikuwa amemkumbuka mwanamke yule.

Ilikuwa Aprili. Simu ilikuja kituoni, naye akaipokea kwa bahati tu. "Mwanangu aliyekufa amenipigia," ilisema sauti ya mwanamke mzee. "Nifanye nini?" Nadon alikuwa na mafaili juu ya meza yanayomkodolea macho. "Hao ni matapeli, mama. Kata simu, badilisha namba. Usiongee nao kabisa. Umenielewa? Kabisa." Aliongea naye kama anavyoongea mtu na mtoto wa chekechea. Mwanamke akashukuru, akakata. Hakupiga tena.

"Afande, sikiliza hili," alisema Moses. "Sauti ilimwomba pesa mara tatu, Aprili na Mei. Akatuma zote tatu. Baada ya hapo, hakuna tena. Miezi minane simu inapigwa kila siku saa saba, na haiombi hata senti."

"Wanaongea nini?"

"Kwenye ujumbe ni habari za chakula. Usingizi. Mbwa wao wa zamani, aliitwa Pulla. Kovu la mkononi alilolipata Reijo akiwa mtoto, kwenye jiko la sauna." Alinyanyua macho. "Nilidhani ni genge la huko mbali. Lakini genge la mbali lingejuaje jina la mbwa?"

"Na tapeli asiyeomba pesa ni tapeli wa aina gani?"

"Aliyeshiba?"

"Au anayetaka kitu kingine. Nani alitaja barafu?"

Moses alipitisha kidole juu ya kioo. "Hapa. Novemba. Mama anasema, 'Nataka nikuone, hata mara moja.' Sauti inajibu, 'Barafu ikishika, Äiti. Barafu ikishika nitakuja.'"

Barafu ya ghuba ilikuwa imeshika siku tatu zilizopita.

Chumbani Nadon alikuta mashine ya zamani ya kupokelea ujumbe wa simu, ya kanda. Ilikuwa imefutwa vumbi, imewekwa karibu na mto wa kulalia. Mfuniko wake ulikuwa wazi. Kanda haikuwemo.

Alirudi jikoni, akazifungua zile chupa mbili walizozitoa barafuni. Ya kwanza ilikuwa na kahawa, nyeusi tii. Ya pili alipoinusa, harufu kali ya kijani ikampanda puani.

"Mnanaa," alisema. "Moses, mpigie Lachance. Muulize Reijo alikuwa anakunywa nini."

Moses alipiga, akasikiliza, akatabasamu kwa huzuni. "Anasema alikuwa anakunywa kahawa nyeusi kama lami. Ukimpa chai ya majani, anauliza kama unamdhani ng'ombe."

Kabatini palikuwa na pakiti moja ya mnanaa, mpya kabisa. Vifuko viwili tu ndivyo vilivyotolewa.

"Basi hakuwa akimngoja Reijo," alisema Nadon.

Kwenye ghuba ile nyumba mbili tu zilitazama mahali pale. Nadon alivaa kofia yake, wakaenda na Moses kubisha hodi kwenye ile ya pili.

*

Verna Tuckett alikuwa na miaka sabini na moja, mrefu, mnyoofu, nywele fupi nyeupe. Alifanya kazi benki miaka thelathini na minne. Sasa, kila Alhamisi, aliwafundisha wazee wenzake kwenye maktaba ya mji namna ya kujikinga na matapeli wa mtandaoni. Nadon mwenyewe ndiye aliyempa vipeperushi vya polisi.

"Nimesikia," alisema Verna mlangoni. "Masikini Irja. Karibuni. Vueni viatu tu, sakafu ina joto."

Waliketi. Dirisha kubwa lilitazama ziwani, lakini lilikuwa limefunikwa ukungu wa barafu, jeupe kama jicho lenye mtoto.

"Mlikuwa marafiki?" aliuliza Nadon.

"Miaka arobaini. Tulilea watoto pamoja. Yaani yeye alilea, mimi nilisaidia. Mimi sikujaliwa."

"Alikuambia kwamba anapigiwa simu?"

"Hapana. Hawasemi, Inspekta. Ndiyo siri ya mchezo wenyewe."

"Nieleze. Wewe ndiye mwalimu."

Verna alinyoosha mgongo, na sauti yake ikawa ya darasani. "Watu hudhani mjinga ndiye anayeibiwa. Si kweli. Nimewaona mahakimu wakiibiwa. Kila mtu ana mlango mmoja asioufunga. Mpweke, mlango wake ni salamu. Mwenye hofu, ni mtu wa kumwambia afanye nini. Mfiwa..." Aligeuza uso kutoka dirishani. "Mfiwa hana hata mlango. Ana ukuta uliobomoka. Tapeli hahitaji kuwa na akili. Anahitaji kuwa na subira, aje kila siku, saa ile ile. Ukimzoea mtu, akili inaanza kumtafutia visingizio. Unajua ni uongo, na bado unaitazama saa."

"Na kwa nini wasiseme?"

"Kwa sababu ya jinsi watu wanavyowatazama wakisema." Alimtazama Nadon moja kwa moja. "Wengi wanaogopa kuchekwa kuliko kuibiwa."

Nadon alihisi uso ukipata moto. Alijisingizia kutafuta kalamu.

"Niwape chai? Kahawa sina. Daktari wa moyo alinikataza."

"Chai itatosha."

Verna alikwenda jikoni. Nadon alinyanyuka akasogea dirishani. Kioo chote kilikuwa cheupe, isipokuwa sehemu moja. Palikuwa na duara, ukubwa wa kiganja, lililoyeyushwa na mkono na kuyeyushwa tena na tena, kingo zake zikiwa na alama za vidole. Lilikuwa kwenye kimo cha macho ya mtu aliyeketi. Nadon aliinama, akachungulia.

Ndani ya duara lile, kama picha kwenye fremu, vilionekana viti viwili juu ya barafu.

Nyuma yake harufu ya mnanaa iliingia chumbani kabla ya sinia.

"Bi Tuckett," alisema Nadon bila kugeuka, "leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kitandani. Mgongo."

"Nani alifuta kioo?"

Vikombe viligongana kwenye sinia.

"Kanda yenye sauti ya Reijo iko wapi?"

"Kanda gani?"

"Ya mashine ya simu. Irja alikuletea uihamishie kwenye kompyuta. Katika mtaa huu ni nani mwingine angeweza?"

Verna aliweka sinia mezani taratibu mno, kana kwamba limejaa mayai. Kisha akaketi. Moses alimsomea haki zake: anaweza kunyamaza, anaweza kumwita wakili. Verna alitikisa kichwa kukataa.

"Nimenyamaza miaka mitatu," alisema. "Nimechoka."

*

"Mimi niliibiwa kwanza," alianza. "Mwalimu wenu. Alijiita Desmond, mhandisi wa visima vya mafuta baharini. Hatukuonana hata siku moja. Aliniandikia kila asubuhi kwa mwaka mzima. Alichukua akiba yangu yote, na nyumba hii nikaiweka rehani. Nilipogundua, nilimwambia mtu mmoja tu duniani."

"Irja."

"Irja. Nilikwenda jikoni kwake nikalia. Naye akacheka." Alisukuma kikombe kando. "Hakukusudia ubaya. Alikuwa mtu wa kucheka. Alisema, 'Verna, jamani! Bibi wa benki! Mimi hata wangekuja na malaika nisingewapa senti.' Alicheka mpaka akajifuta machozi. Nikacheka naye. Nikarudi nyumbani, nikaketi hapo ulipokuwa umeketi, nikawaza: nawe una mlango wako, na mimi najua uko wapi."

"Ukamfufua mwanawe."

"Kuna huduma mtandaoni, ni rahisi kuliko kununua tiketi ya ndege. Unaipa sauti, unaipa habari za mtu, inaongea yenyewe. Nilikusudia mara moja tu. Nimwone akishika simu, kisha nimwambie, 'Haya, cheka sasa.'"

"Lakini ulichukua pesa."

"Nilizihitaji. Sitasema uongo. Mara tatu. Kisha nikaanza kusikiliza mazungumzo yao, yote yanahifadhiwa kwenye kompyuta." Alikunja mikono. "Alikuwa akimwimbia, Inspekta. Siwezi kumwomba pesa mtu anayeimba hivyo. Wala sikuweza kuzima. Ningezima, ningemzamisha yule kijana mara ya pili, kwa mkono wangu."

"Na ahadi ya barafu? Uliiandika wewe?"

"Sikuiandika!" Kwa mara ya kwanza alipaza sauti. "Niliisoma kama wewe. Mtambo uliitunga wenyewe. Ulijifunza kuahirisha, kama Desmond alivyokuwa akiahirisha. Nikasema, atasahau."

"Hakusahau. Lakini hakutoka kwenda kumwona Reijo, na hilo unalijua. Alikuchemshia mnanaa."

Verna aliinuka kama mtu anayetembea usingizini, akaifungua kompyuta iliyokuwa juu ya dawati la kona. "Hii ni ya jana, saa saba," alisema, akabonyeza.

Sauti ya kijana ilijaa chumbani. "Äiti, umekula?"

Kisha sauti ya Irja, kavu, changamfu. "Nyamaza kidogo, mwanangu, nataka kuongea na aliye nyuma yako. Verna. Najua unasikiliza. Reijo alikuwa mtoto mwema, lakini hata siku moja hakuniuliza kama nimekula. Duniani ni mtu mmoja tu anayeniuliza hivyo. Nilijua tangu wiki ya pili."

Mtambo uliingilia: "Unamaanisha nini, Äiti?"

"Tulia wewe. Verna, nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa naitaka ile sauti. Ndiyo, mimi niliyekucheka. Nilijua si yeye, na kila siku nilikuwa nakaa karibu na simu kuanzia saa sita. Sasa nimechoka kuongea na maiti, nawe umechoka kuninunia. Kesho asubuhi nitakuwa pale alipozama. Nimeahidiwa mgeni, na mgeni wangu ni wewe. Sitasema lolote la kukuaibisha. Nitakuomba radhi kwa kile kicheko, basi, tunywe vitu vyetu turudi ndani. Nitakungoja. Unanijua, mimi ni mbishi."

Rekodi haikuishia hapo. Ulifuata ukimya, pumzi za mwanamke mzee, na sauti ya kijana ikirudia, tulivu, bila kuchoka: "Uko hapo, Äiti? Niko hapa. Uko hapo?"

Moses alinyoosha mkono akaizima mwenyewe.

"Uliisikia lini?" aliuliza Nadon.

"Jana ile ile."

"Na leo ukamwona akitoka."

"Saa mbili kasoro. Alipanga viti. Akatandika kitambaa. Akatazama dirishani kwangu, akapunga mkono."

"Kutoka hapa hadi pale ni mwendo wa dakika ngapi?"

"Tano."

"Ulikaa dirishani kwa muda gani?"

Verna alikitazama kioo. "Nilivaa viatu. Nikavivua. Nikavaa tena. Nilikuwa nawaza, akiniona nitaweka wapi uso wangu? Nikasema, atachoka, atarudi ndani, nami nitakwenda kesho nikiwa na maneno. Kila duara lilipoganda, nililifuta nione kama ameondoka. Saa nne aliacha kusogea. Nikajiambia amesinzia." Alivitazama viganja vyake. "Alikuwa ameshanisamehe, Inspekta. Na mimi sikwenda, kwa aibu. Kwa aibu tu. Hakuna kingine."

*

Mashtaka ya utapeli yalikuwa wazi. Kuhusu lile duara la dirishani, mwendesha mashtaka alisema angehitaji muda wa kutafakari.

Wiki tatu baadaye, Alhamisi mchana, Nadon aliingia kwenye maktaba ya Port Hallam. Wazee kumi na wawili walikuwa wamekaa nusu duara, makoti yao yamening'inia kwenye viti. Walikuja kwa mazoea tu. Walijua mwalimu wao yuko rumande.

Nadon aliweka rundo la vipeperushi mezani, kisha hakuvigawa.

"Aprili iliyopita mwanamke mmoja alinipigia simu akitaka msaada," alisema. "Nilimjibu kwa namna ambayo hakurudi tena. Sikumwita mjinga kwa kinywa, lakini nina hakika alilisikia neno lenyewe. Leo sina somo. Nimekuja kusikiliza. Hakuna atakayecheka."

Wazee walitazamana. Mabomba ya joto yaligonga ukutani. Mtu alikohoa.

Mwishoni mzee mmoja aliyekaa pembeni kabisa, mwenye kofia ya sufu magotini, aliinua mkono nusu, kama anayeomba kwenda msalani.

"Mimi," alisema. "Mimi ananipigia Gladys. Marehemu mke wangu. Ananiita kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyelijua."

Nadon alimsogelea hatua moja. "Ni Verna aliyekuwa akifanya hivyo, mzee wangu?"

"Nilitumaini ni yeye." Mzee aliishika kofia yake kwa mikono miwili. "Lakini Verna mmemfungia, sivyo? Gladys amenipigia leo asubuhi."

Hakuna aliyecheka. Nadon alivuta kiti, akaketi mbele ya mzee yule, magoti yao karibu kugusana.

"Anza popote," alisema. "Sina haraka."